Mtungi wa hewa na deni la lugha

Gari haliendi kwa petroli peke yake. Petroli huendesha mtambo, lakini kinachoubeba uzito wa gari, abiria na mizigo yao ni hewa iliyofungiwa ndani ya magurudumu. Hewa hiyo ikitoroka, mtambo ulio mzima hausaidii kitu. Barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi ina urefu wa kilomita zipatazo 480, na katika masafa hayo pana sehemu, hasa kati ya Voi na Mtito Andei, ambapo dereva aliyepata pancha hulazimika kujitegemea. Akilitoa gurudumu la akiba akalikuta nalo limelegea, hapo ndipo atakapojua kwamba tairi lisilo na upepo ni mzigo tu.

Kwa sababu hiyo wapo madereva wa safari za mbali, na mafundi wanaoitwa kuyafuata magari yaliyokwama, ambao hubeba mtungi wa hewa iliyobanwa. Ni chombo cha manufaa makubwa. Ni chombo pia kinachoweza kuua. Nia ya makala haya ni kumweleza mwalimu na mwanafunzi jinsi mtungi huo unavyofanya kazi na hatari iliyomo ndani yake, kisha kuuliza swali ambalo mtaalamu wa lugha hawezi kulikwepa: je, maonyo yanayouhusu yanamfikia yule anayeushika kila siku?

Tuanze na historia, japo kwa ufupi. Aliyekuwa wa kwanza kupata hataza ya gurudumu la hewa alikuwa Robert William Thomson, Mskochi, mnamo mwaka wa 1845. Magari ya farasi ya wakati huo hayakuona haja nalo, na uvumbuzi wake ukasahauliwa. Mwaka wa 1888 Mskochi mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza yake baada ya kuifunga mipira iliyojazwa hewa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baadaye hataza ya Dunlop ilibatilishwa kwa kuwa Thomson alikuwa amemtangulia kwa miaka zaidi ya arubaini. Hata hivyo jina lililobaki vinywani mwa watu ni la Dunlop, kwa sababu yeye alikuja wakati baiskeli zilipokuwa zimeenea, na haukupita muda mrefu magari ya mtambo nayo yakafuata.

Tangu siku hizo kazi ya kujaza hewa imefanywa kwa njia tatu. Ya kwanza ni pampu ya mkono au ya mguu, ambayo kanuni yake ni ile ya wahenga: haba na haba hujaza kibaba. Ya pili ni kompresa, mashine inayovuta hewa ya nje na kuibana kwa nguvu za umeme au za mtambo wa petroli au dizeli. Ya tatu ndiyo ya mtungi. Mtungi hautengenezi hewa yoyote. Ni ghala tu, na faida yake ni kwamba hauhitaji umeme wala jasho mahali pa ajali. Kazi ilikwisha fanywa mahali pengine, na matunda yake yakawekwa akiba.

Mitungi yenyewe haifanani. Upo ule wa kawaida, wa bati nene la chuma, unaojazwa kwenye kompresa ya gereji hadi kiasi cha bari 8. Bari moja, kwa kukisia, ni sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufuoni mwa bahari, au ratili 14.5 kwa kila inchi mraba. Upo mtungi wa pili, wa aina ile wanayobeba mgongoni wapiga mbizi wa Watamu na Diani, ambao hujazwa hadi bari 200 kwa kompresa maalumu. Huu hautumiki bila kidhibiti cha kuteremsha nguvu hizo kabla hewa haijafika kwenye tairi. Aina ya tatu hutumiwa sana na waendeshaji wa magari ya porini huko Marekani na Australia. Ndani yake hamna hewa ya kawaida bali kaboni dayoksaidi iliyogeuzwa kuwa umajimaji. Waendesha baiskeli nao wana vichupa vidogo vya gesi hiyo hiyo vyenye gramu 16. Dosari yake ni kuwa gesi hii hupenya mpira upesi kuliko hewa, hivyo tairi lililojazwa kwayo halina budi kujazwa upya kwa hewa baada ya safari.

Sasa mwalimu wa fizikia na achukue chaki. Mnamo mwaka wa 1662 Robert Boyle, mzaliwa wa Ireland, alieleza kwamba gesi ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake bila halijoto kubadilika, shinikizo lake huongezeka maradufu. Kanuni hiyo hukaririwa na wanafunzi wengi kama dua, lakini ni wachache waliowahi kuitumia kwa jambo lolote linalowahusu. Na waitumie hapa.

Tuseme tairi la gari dogo lina nafasi ya lita 30, na linatakiwa kujazwa hadi geji isome bari 2. Tairi lililokwisha upepo si tupu kabisa, kwani lina lita 30 za hewa ya kawaida kama ile inayolizunguka. Ili lifike bari 2, yapasa liongezwe lita 60 za hewa hiyo ya kawaida. Tuseme tena kwamba mtungi una nafasi ya lita 20, na geji yake inasoma bari 8. Ndani yake mna akiba ya lita 20 mara 8, yaani lita 160. Je, akiba hii itajaza matairi mangapi? Mwanafunzi mwenye pupa atagawanya 160 kwa 60 na kusema ni mawili na zaidi ya nusu. Amekosea. Hewa hutiririka kutoka penye nguvu kwenda penye udhaifu tu, na mtungi ukishafika bari 2 pamoja na tairi, mambo husimama. Lita 40 za mwisho hazitoki. Zinazotumika ni lita 120, nazo hutosha matairi mawili, tena la pili likijaa polepole sana mwishoni. Lakini kama matairi yalikuwa yamelegea tu hadi bari moja na nusu, kila moja linahitaji lita 15, na mtungi huo huo utayahudumia manane.

Hesabu hii inaeleza mambo mawili ambayo fundi huyajua kwa uzoefu. Kwanza, mtungi wa bari 8 hauna msaada mkubwa kwa lori, kwa maana matairi ya lori hujazwa hadi kiasi cha bari 7 au 8, na mwenye nane hawezi kumpa mwenye nane. Pili, mtungi wa mpiga mbizi wenye lita 10 tu na bari 200 una lita 1,980 za kutumika, kiasi cha kutosha matairi 33 ya gari dogo. Chombo kinachobebwa kwa mkono mmoja kinafanya kazi ya gereji. Na papo hapo ndipo hatari inapoanzia.

Tuipime hatari hiyo kwa vitu tunavyovijua. Katika mtungi wa bari 200, kila sentimita mraba ya ukuta wake, yaani eneo lililo kama ukucha wa kidole gumba, inasukumwa kwa nguvu za uzito wa kilo 200 hivi, zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Hata katika ule mtungi mnyenyekevu wa bari 8, eneo linalolingana na kiganja cha mkono, sentimita mraba 100, hubeba nguvu za kilo 800. Mtungi ukipasuka, nguvu hizo zote huachiliwa kwa mara moja, na vipande vya chuma huruka.

Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini akiba hii huweza kukiozesha chombo chake. Hewa tunayoibana ina unyevu. Ikibanwa na kupoa, unyevu huo huwa maji, nayo hukusanyika chini ya mtungi na kuula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Rangi ya nje huweza kumetameta huku ukuta umebaki mwembamba kama gamba la yai. Ndiyo maana tangi la hewa lililotengenezwa vyema huwa na tundu la kukimulia maji upande wa chini, vali ya usalama inayofunguka yenyewe shinikizo likizidi, geji, na kibandiko au mhuri unaoonyesha kiwango kisichopaswa kuvukwa. Ndiyo maana pia mitungi hupimwa kila baada ya muda, na wapimaji huijaza maji, si hewa. Maji hayabaniki kwa urahisi, kwa hivyo mtungi mbovu ukipasuka ukiwa na maji hupasuka kimya kimya bila kumdhuru mtu. Hilo ni somo zuri la fizikia lililojificha ndani ya kanuni ya usalama.

Yako makosa mengine ambayo sharti yatajwe waziwazi. La kwanza ni kutumia mtungi wowote ulio karibu. Karibu na fundi wa pancha aghalabu yupo fundi wa kuchomelea, naye ana mtungi wa oksijeni. Umeme ukipotea na kompresa ikinyamaza, kishawishi huwa kikubwa. Oksijeni isitiwe kwenye tairi kamwe! Oksijeni ikikutana na grisi au oili huweza kuwaka au kulipuka bila hata kiberiti. Gesi ya kupikia nayo isitiwe, kwani tairi lililo na gesi hiyo ni bomu linalongoja cheche. La pili ni kuugeuza mtungi wa kazi nyingine kuwa tangi la hewa kwa kuukata na kuuchomelea upya. Mtungi ulioguswa hivyo hauna tena dhamana aliyoitoa aliyeuunda, na hakuna anayejua utavumilia kiasi gani. La tatu ni kuuacha mtungi uliojaa juani au katika buti la gari lililoegeshwa mchana kutwa. Halijoto ikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 57, shinikizo halisi la hewa iliyomo hupanda kwa sehemu moja ya kumi. La nne ni mzaha. Wapo vijana wanaoelekezeana mpira wa hewa mwilini kwa kucheka. Hewa iliyobanwa ikipenya mwilini huweza kupasua matumbo na kuua.

Tairi lenyewe nalo lina hatari yake. Tairi la lori lililokwenda masafa likiwa halina upepo wa kutosha huwa limejikunja ubavuni kila lilipozunguka, na nyuzi zake za ndani zimechoka. Likijazwa upya, ubavu huo huweza kufumuka kama zipu. Kwa sababu hiyo mwenye kujaza asisimame mbele ya ubavu wa tairi, bali mbele ya kashata za kukanyagia, tena kwa mbali, akitumia mpira mrefu wenye ncha inayojibana yenyewe kwenye vali. Katika gereji zilizo na vifaa, tairi la lori huwekwa ndani ya kizimba cha vyuma kabla ya kujazwa.

Kufikia hapa msomaji huenda akauliza: mambo haya si kazi ya mhandisi? Mwanaisimu ana lake gani kati ya mpira na chuma? Analo. Maonyo niliyoyataja yote yamekwisha andikwa. Yamebandikwa kwenye mitungi, yamo katika vijitabu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ina masharti kuhusu matangi ya hewa na mitungi ya gesi. Lakini yameandikwa kwa Kiingereza, na pengine kwa lugha za nchi vilikotengenezwa vyombo hivyo. Kijana anayejaza upepo kando ya barabara aweza kuwa aliacha shule mapema, akafundishwa kazi kwa Kiswahili, na maisha yake yote ya kazi anayaishi kwa Kiswahili. Mtungi anaoukumbatia unasema naye kwa lugha asiyoielewa.

Watetezi wa hali hii husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Hebu tuwapeleke gereji wakasikilize. Fundi ana tairi, tyubu, pampu, pancha, geji, vali na kompresa, yote akiwa ameyakopa na kuyavisha mavazi ya Kibantu. Ana neno bomba, lililotokana na Kireno, lugha ya mabaharia waliofika pwani yetu karne nyingi kabla ya tairi. Ana mtungi, neno la chombo cha udongo cha kutekea maji, ambalo watu wenyewe walilihamisha bila kuamriwa na kamati yoyote likawa jina la chombo cha chuma cha gesi. Lugha inayoweza kufanya hivyo si maskini.

Angalia pia jinsi msemaji anavyotofautisha. Kiswahili kina hewa, neno lenye asili ya Kiarabu, na upepo, neno la Kibantu lililo ndugu wa kitenzi kupepea. Upepo ni hewa inayokwenda. Ile iliyotulia ndani ya tairi, kwa mantiki ya darasani, si upepo tena. Hata hivyo kila fundi husema "kutia upepo", na hana kosa, kwa maana yeye hulitazama tendo la kujaza, ambapo hewa hukimbia kutoka mtungini ikivuma. Mwalimu asimrekebishe mwanafunzi anayesema hivyo, bali amwonyeshe tofauti hiyo na kumfurahisha kwayo.

Tatizo halisi liko kwenye dhana moja kubwa, nayo ndiyo inayoua: nguvu za hewa zinazosukuma ukuta wa chombo. Fundi huiita presha. Magazeti na vitabu vyetu huiita shinikizo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliipa jina kanieneo. Kila neno lina sifa na upungufu wake. Presha linajulikana na wote, lakini kwa wengi kwanza ni jina la ugonjwa. Shinikizo linatokana na kitenzi kilicho hai, ila limezoeleka mno katika siasa. Kanieneo ni geni masikioni mwa Wakenya wengi, lakini linabeba fasili yake mgongoni: kani iliyogawanywa kwa eneo. Mwanafunzi akilielewa neno hilo ameielewa fomula. Sidai kwamba tuchague moja na kuyatupa mengine. Nadai kwamba mwanafunzi ayajue yote matatu, na ajue kuwa yanataja kitu kimoja, ili siku atakapozungumza na fundi wasipishane.

Wako watakaosema kuwa hata kibandiko kikiandikwa kwa Kiswahili sanifu, fundi hatakisoma, kwa kuwa yeye hujifunza kwa kuona. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mengi ya ufundi hupitishwa kwa mkono na jicho. Lakini ajifunzaye kwa kuona tu hujifunza yale ambayo bado hayajamuua mtu mbele yake. Kutu iliyo ndani ya mtungi haionekani. Oksijeni haina rangi wala harufu. Mambo yasiyoonekana hufundishwa kwa maneno, na kwa maneno tu. Nakubali, hata hivyo, kwamba lugha haiwezi kufanya kazi ya vali. Mtungi usio na vali ya usalama hautasalimika kwa kubandikwa onyo la Kiswahili, na mkaguzi asiyekagua hatasaidiwa na kamusi.

Nini basi kifanywe? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Heshima hiyo haitakiwi kuishia kwenye hotuba. Chombo chochote chenye hewa iliyobanwa kinachouzwa humu nchini kingestahili kubeba maonyo yake makuu kwa lugha zote mbili: kiwango cha juu cha shinikizo, aina ya gesi, tarehe ya kupimwa, na yale makatazo mawili matatu ya kufisha. Si kazi kubwa. Ni sentensi zisizozidi kumi.

Walimu nao wasingoje serikali. Mwalimu wa fizikia alete darasani pampu ya baiskeli na geji, awaambie wanafunzi wahisi jinsi pampu inavyopata moto wanapoibana hewa. Awaulize swali hili: tairi lililojazwa Mombasa hadi bari 2 likifika Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, bila halijoto kubadilika, geji itasoma ngapi? Jibu ni karibu bari 2.2, kwa kuwa hewa ya nje imepungua nguvu huku ya ndani ikibaki vilevile. Mwanafunzi aliyeifikia hesabu hiyo mwenyewe hatamsahau Boyle. Mwalimu wa Kiswahili naye awatume wanafunzi kwa fundi aliye karibu na shule, wakusanye maneno ya kazi yake, kisha waandike maagizo ya kutumia mtungi wa hewa kwa lugha ambayo fundi huyo ataielewa. Insha hiyo iwe na mtihani mmoja tu: isomwe mbele ya fundi mwenyewe, naye aseme kama inafaa.

Zoezi hilo litawafunza vijana wetu unyenyekevu, kwani watagundua kuwa fundi anajua mengi ambayo kitabu hakiyasemi. Fundi naye atapata yale ambayo macho yake hayakuweza kumwonyesha. Na endapo karatasi moja tu kati ya hizo itabandikwa ukutani mwa kibanda, juu ya mtungi, ikiwa na maneno "usitie oksijeni", somo la Kiswahili litakuwa limefanya kazi ambayo alama za mtihani haziwezi kuipima.